Hodi ya Bwana Mafuriko

Jumamosi tuliyomuaga Hui, ukumbi wa nyumba ya mazishi kule Richmond Hill ulikuwa na maua mengi kiasi kwamba nyuki wa nusu ya Kanada wangeweza kuhamia humo na kustaafu. Mimi nilikaa safu ya nyuma, mtandio mweusi kichwani, Mtanga peke yangu kati ya Wachina wasiohesabika, na nilikuwa nimejiahidi kulia kwa adabu. Niliweza, mpaka mwanawe aliposimama kusema. Mtoto yule sasa ni mwanamume mzima mwenye miwani na kitambi kinachoanza. Akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake alimlea kwa hadithi moja kuliko zote, ya yule mtu wa kale wa China aliyepigana na mafuriko, ambaye katika kazi yake alipita nyumbani kwake mara tatu, na kila mara akasimama mlangoni akabisha hodi kama ilivyo ada, na kwa bahati mbaya waliomo ndani hawakumsikia, basi akaenda zake kuiokoa nchi. Wazee wa safu ya mbele wakageuziana shingo. Mzee mmoja mbele yangu akamnong'oneza mkewe, na ingawa Kichina sijui hata cha kuombea maji, nilimwelewa vizuri: hii kaitoa wapi huyu? Nikainamia mkoba wangu nikajifanya natafuta leso. Hadithi ile Wachina wanaijua tangu wakinyonya, huu mwaka wa elfu nne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia habari za hodi. Hodi ile niliitia mimi.

Nilivyofika Kanada na kwa sababu gani, hiyo ni habari nyingine na haina ladha. Mwaka ninaousema nilikuwa napanga chumba cha chini ya ardhi huko Brampton, kwa Auntie Filo, mjane wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, akafanya ukarani huko hadi nywele zikabadilika rangi, kisha akaja kuzibadilisha tena huku. Alisali rozari kwa sauti ambayo nadhani hata wasio Wakatoliki wa mtaa mzima walishaijua kwa moyo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Nairobi ya zamani, kisichokuwa na ngeli wala aibu. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo karibu na dari, ambalo kwa miezi mitano liliniletea theluji na kwa miezi mingine viatu vya wapita njia, na kilikuwa na ngazi ya ndani iliyoshuka moja kwa moja kutoka jikoni kwake. Ngazi hiyo ndiyo iliyonizeesha. Nikivaa, Auntie Filo huyo anashuka. Nikiswali, anashuka. Anashuka na bakuli la mchuzi, katikati ya ngazi anakumbuka kwamba ni wa nguruwe na mimi sili, anapanda kwa kusonya, anashuka tena na la kuku. Chakula chake kilikuwa kitamu, Mungu ampe pepo, lakini nilikila moyo ukinidunda kama nimevamiwa.

"Auntie," nilimwambia siku moja, "ningefurahi ukipiga hodi kwanza."

"Hodi ya nini? Nyumba yangu. Mimi nabisha mlango yangu?"

"Lakini mimi nipo ndani."

"Najua wewe iko ndani. Kama hapana iko, mimi nakuja kufanya nini?"

Ukibishana na mantiki ya namna hiyo utazikwa mapema. Lakini kwetu Tanga hata mtoto anayetambaa anajua: unapiga hodi ya kwanza, unangoja, unapiga ya pili, unangoja, unapiga ya tatu, na kama kimya kinaendelea, unageuka kwenda zako, wala hakuna wa kumlaumu mwenzake. Hata mwenye nyumba hupiga hodi kwake mwenyewe, maana hujui watu umewaachaje na utawakutaje. Nilikuwa nimelibeba hilo kutoka nyumbani bila kujua kwamba nimelibeba, kama mtu anavyobeba lafudhi. Na ndilo lililokaribia kuninyima maisha yangu.

Nasema maisha na safari hii sitii chumvi. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimenikubali kwa Septemba, kwa sharti kwamba nimalize masomo ya sekondari ya huku, maana ya kwetu waliyatazama kama mtu anavyotazama noti ya nchi iliyobadilisha serikali. Hisabati nilikuwa nimeshaimaliza kwa machozi, bayolojia kwa dua. Lilibaki somo moja la historia, lolote. Nikaenda kujiandikisha masomo ya jioni katika shule moja karibu na mtaa wa Finch, na lolote likageuka kuwa moja tu lenye nafasi: China ya kale na ya wafalme. Mchana nilikuwa nafunga mikate kwenye kiwanda, mikate ambayo hadi leo nikiiona dukani hunyoosha mgongo. Nisipofaulu ifikapo mwisho wa mwezi wa sita, nafasi ya chuo inakwenda kwa mwingine, na mimi narudi kwenye mikate. Basi likawa ndilo hilo: kati yangu na sare ya uuguzi walisimama wafalme wote wa China, waliokufa zamani na wasio na haraka.

Majina yao yalinitoa jasho. Si marefu, ni mafupi, na ufupi ndio mtego wenyewe. Watawala wawili, waziri mmoja na mto mmoja, kwa sikio langu wote waliitwa kitu kimoja. Hui, aliyekaa dawati la pembeni yangu, alinisahihisha kwa subira ya mtu anayefundisha ukuta: huyu sauti inapanda, huyu inashuka, huyu inabonyea katikati kisha inainuka. Kwangu wote walikuwa wamelala tambarare kama maiti, ambavyo kweli ndivyo walivyokuwa. Nikaamua kuwapa majina ya nyumbani. Mfalme wa kwanza aliyeiunganisha nchi, akatafuta dawa ya kutokufa, akafa, akazikwa na jeshi zima la askari wa udongo, nikamwita Bwana Ukuta. Yule malkia aliyekalia kiti cha enzi mwenyewe bila kuazima jina la mwanamume, na ambaye jiwe la kaburi lake halikuandikwa hata neno moja, nikamwita Bibi Kimya. Watahiniwa wa zamani waliofungiwa vijichumba waandike mtihani wa serikali, wakafeli, wakarudi, wakafeli, mpaka wakaota mvi humo humo, hao sikuwapa jina. Niliwaita tu ndugu zangu.

Mwalimu naye tulimpa lake. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sweta lililokwisha viwiko, na chochote ulichosema alikuuliza neno lile lile: nani kasema? Ukisema jua limechomoza, nani kasema? Mimi na Hui tulimwita Bwana Nani Kasema, na Hui alijifunza kulitamka kwa Kiswahili akalitamka vizuri kuliko mimi nilivyowahi kutamka jina la mtu yeyote wa kwao. Tuliongea Kiingereza sisi wawili, changu cha kuchechemea na chake cha kutambaa. Humu nimekinyoosha ili msomaji asiumie. Hui naye alikuwa anatafuta somo lile lile la mwisho, apate kuingia chuo cha uhasibu. Kila mtu alimwambia kwamba historia ya China kwa Mchina ni ubwabwa tu, na matokeo yake alikuwa anafeli kila zoezi kwa sababu alikuwa anaijua bila kujua ameijulia wapi. "Nani kasema?" "Bibi yangu." "Bibi yako si chanzo." Wakati wa mapumziko tulikaa kwenye ngazi za korido tukala. Alikuja na chupa ya uji wa mchele, na jioni ya kwanza nilishangilia, uji huo, nikanywa funda zima, nikakuta una chumvi na samaki na yai jeusi kama dhambi. Nilimpa maandazi kwa kulipiza. Akayala yote akaniuliza kesho nitakuja na nini.

Mwezi wa nne Bwana Nani Kasema akatuletea kofia yenye vikaratasi. Kila mwanafunzi achague kimoja bila kutazama, asimame mbele ya darasa mwezi wa tano, asimulie habari za mtu aliyemwangukia na atoe maoni yake. Alama za kusimama pale zilikuwa karibu nusu ya somo. Ukianguka pale umeanguka pote. Mimi nilikuwa na mmoja tu ninayemtaka, yule amiri towashi aliyefika na merikebu zake hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, enzi ambazo twiga wa Malindi alisafirishwa hadi kwa mfalme wa China, na maofisa wakamtazama shingo wakasema huyu ndiye mnyama wa heri ambaye hushuka pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Fikiria raha hiyo. Twiga wetu, haki yao. Ningeisimulia mpaka walinzi waje kufunga shule. Nikatia mkono kofiani nikisoma kila aya ninayoijua, nikamtoa yule mtu wa mafuriko. Twiga akaenda kwa kijana mmoja wa Scarborough mwenye kofia ya hoki, ambaye nadhani Malindi aliijua kama aina ya kahawa. Nikamwomba tubadilishane. Akasema samahani, anapenda wanyama.

Hui alipata Bibi Kimya, na akasimama mbele akaeleza kila kitu kwa sauti isiyofika dawati la pili, na kila sentensi akaifunga kwa jina la kitabu, sura na ukurasa, mpaka Bwana Nani Kasema akakosa la kuuliza. Alifaulu. Zamu yangu ikaja wiki iliyofuata. Kitabu chetu kilikuwa na nusu ukurasa tu juu ya mtu wangu, nikakisoma ndani ya basi baina ya Brampton na Finch, safari ambayo ingetosha kulea mtoto na kumwozesha. Kilisema kwamba mito ilikuwa imefurika nchi nzima. Baba yake alijaribu kuizuia kwa kuijengea kingo, akashindwa, akapoteza maisha kwa kushindwa huko. Mwana akashika kazi, akaacha kuzuia maji, akayachimbia njia yaende baharini. Akafanya hivyo miaka kumi na kitu. Na katika miaka hiyo alipita mlangoni kwake mara tatu bila kuingia. Nikaifikia sentensi hiyo ya mwisho, nikaielewa papo hapo, nikafunga kitabu. Mtu kapita mlangoni mara tatu na hakuingia. Kuna nini hapo cha kutafuta? Kapiga hodi zake tatu, hakujibiwa, kaondoka. Muungwana.

Basi nikasimama mbele ya darasa nikamtoa Bwana Mafuriko wangu akiwa hai, jembe begani, tope hadi mapajani, ndevu zimeota mwani. Nikamsimamisha mlangoni nikapiga hodi kwa sauti yake, sauti ambayo lazima ilikuwa nzito. Hodi ya kwanza, mke yuko uani anapepeta mtama. Hodi ya pili, mke kalala na mtoto, kachoka. Hodi ya tatu, mke kaenda kuteka maji, maana hata siku za mafuriko maji safi ni ya kutafutwa. Kila mara akangoja. Kila mara akageuka, akaelekea mtoni, akitazama nyuma. Darasa likacheka, kijana wa twiga akagonga dawati kwa furaha, nami nikajiona tayari nimevaa kofia ya uuguzi. Hui peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni na kunitazama kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni.

"Asante, Mwanahawa," akasema Bwana Nani Kasema. "Hii ya kubisha mlango. Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu kinasema alipita."

"Ndiyo. Mara tatu. Kwa hiyo alibisha."

"Kitabu hakisemi alibisha."

"Mwalimu, mtu na akili zake anafika mlangoni kwake mara tatu, asibishe, asiingie? Alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa na kazi," akasema mwalimu kwa upole ule uliokuwa ukinipandisha presha. "Hiyo ndiyo maana ya hadithi. Hakuingia kwa sababu hakutaka. Unavyoisimulia wewe, ni mtu aliyekosa kufunguliwa."

Akanipa wiki mbili nirudie, nisimulie vyanzo vinavyosema na si zaidi, la sivyo hana budi kunifelisha. Nilirudi kwenye kiti, kile kiti cha shule kilichounganishwa na meza, kidogo kiasi kwamba hata paka angelalamika, na nilikuwa na hasira za kutosha kukausha mto. Si na mwalimu tu. Na yule mtu. Kama hakubisha, basi alikuwa mtu wa namna gani?

Kwenye korido Hui akaniuliza hodi ni nini hasa. Nikamweleza yote, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kutolaumiana. Akalirudia neno lenyewe polepole. Kisha akanieleza ya kwao, na aliyasema hayo akitazama chupa yake ya uji. Hakubisha, alisema. Mlango ulikuwa wazi. Mara moja mke alikuwa anajifungua, na yeye akiwa nje akasikia mtoto analia, akapita.

"Mtoto wa nani?"

"Wake."

"Na watu wanamsifu?"

"Shuleni tunaimbishwa kumsifu. Baba mzuri wa nchi." Akafunga chupa. "Yako ni nzuri. Katika yako anataka kuingia."

Wiki iliyofuata akaniambia kwamba amemsimulia mwanawe hodi yangu. Mtoto alikuwa na miaka sita, na swali lake lilikuwa moja: kwa nini hawakumsikia? "Nimemwambia sauti ya televisheni ilikuwa juu," akasema Hui. Tangu hapo mtoto akawa anadai hadithi hiyo kila anapolazwa, na kila hodi ilipopigwa alikuwa anaijibu mwenyewe kutoka kitandani, karibu, karibu, akidhani akijibu mapema kidogo yule mtu atasikia kabla hajageuka. Nilicheka sana niliposikia. Sasa nikiwaza, baada ya miaka yote hii ya kubisha kwenye vyumba vya wagonjwa na kuingia bila kujibiwa, naona kwamba kicheko kile kilikuwa cha mtu asiyejua anachochekea.

Nilikijua Jumapili moja kabla ya kurudia zamu yangu, Hui aliponialika kwake tufanye mazoezi. Alikaa ghorofa ya juu ya jengo moja refu hapo hapo Finch, lifti inayonuka vitunguu saumu kama ilivyo kila lifti ya haki. Mlango ulipofunguka kitu cha kwanza nilichokiona ni ndara za kiume, za ngozi, mpya kabisa, zimepangwa sambamba na vichwa vyake vinatazama ndani. Nikadhani mume yupo, nikatengeneza mtandio. Hayupo, akasema Hui, yuko Guangzhou, ana kiwanda, anatuma kila kitu. Nyumba ilikuwa safi kiasi cha kuogopesha. Meza ilikuwa na sahani za watu wanne na sisi tulikuwa watatu, pamoja na mtoto aliyekula akitazama katuni. Tulikula samaki mzima aliyepikwa kwa tangawizi, na Hui akanipa shavu la samaki kwa vijiti vyake, heshima kubwa hiyo, nami nikaliangusha kwenye chai.

Simu ikalia, akaingia nayo chumbani. Ukuta ulikuwa mwembamba. Sikuelewa neno, lakini mazungumzo ya mke na mume hayahitaji kamusi: sauti yake ilianza juu, ikashuka, ikabaki kwenye mm, mm, mm, muda mrefu, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akatoka akakaa akaendelea kula. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hapana, mumewe alikuwa Vancouver wiki nzima kwa biashara, sasa yuko uwanja wa ndege anarudi China. Mwaka jana alifika Chicago.

"Vancouver na Toronto ni mbali lakini," nikasema, kwa kutafuta la kusema.

"Si mbali kama China," akasema Hui.

Baada ya hapo ndipo aliponisimulia ile ambayo kitabu chetu hakikuwa nayo. Bwana Mafuriko alimwambia mkewe: ukisikia ngoma, niletee chakula mlimani. Siku moja jiwe liliruka kutoka kazini likagonga ngoma kwa bahati. Mke akapanda na kapu lake, na alipofika hakumkuta mume; alimkuta dubu mkubwa anaupasua mlima kwa makucha. Ndivyo kazi ilivyokwenda kasi siku zote, alikuwa anajigeuza dubu, na hakuwahi kumwambia. Mke akakimbia kwa hofu na aibu, akageuka jiwe pale pale, na alikuwa mjamzito. Mume akamfikia akalia mbele ya jiwe: nirudishie mwanangu. Jiwe likapasuka, mtoto akatoka.

Nikamuuliza mbona mtoto alikwisha kulia siku ya mlangoni. Akasema hizo ni hadithi mbili, tusizigombanishe.

"Hakusema nirudishie mke wangu," akaongeza. "Sikiliza vizuri. Mtoto tu."

Tukaosha vyombo. Halafu, akiwa na taulo mkononi, akaniomba kwamba siku ya zamu yangu niisimulie kama nilivyoisimulia mwanzo. Pamoja na hodi. Nikadhani anatania. Nikamwambia nitafeli, na nikifeli chuo kimekwenda. Akasema mwalimu hasomi Kichina, atajuaje. Nikasema anasoma kitabu kile kile ninachosoma mimi. Akaendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa kavu tangu mwanzo. Njia nzima ya kurudi Brampton nilimwaza Bwana Mafuriko kwa maneno ambayo mwandishi mwenye adabu hayaweki kitabuni. Mtu kafa kabla ya chuma, kabla ya karatasi, na bado kaja kunikalia shingoni Jumapili. Nilipofika, Auntie Filo alikuwa kitandani kwangu anakunja nguo zangu. "Wewe nachelewa," akasema. "Mimi nangojea hapa." Kwa mara ya kwanza sikumdai hodi.

Jioni ya zamu yangu ilikuwa mwezi wa sita, jua bado liko juu ya maegesho, madirisha wazi. Nilisimulia yale yaliyomo kitabuni na yale ya Hui, bila hodi. Baba na kingo zake, mwana na mifereji yake. Niliposema mlango ulikuwa wazi, sikumtazama Hui. Niliposema alimsikia mtoto akilia akapita, sauti yangu, ambayo Auntie Filo alidai huisikia hata akiwa kanisani, ikawa ndogo kama ya mtu mwingine. Nikamalizia na dubu na jiwe. Hakuna aliyecheka. Kijana wa twiga alivua kofia akakuna kichwa.

"Kupita mlangoni, sawa, kitabu kinasema," akasema mwalimu. "Lakini habari za jiwe. Nani kasema?"

"Hui."

Mwalimu akamgeukia. Nadhani alimaanisha wema; alikuwa ameamua, kwa mara ya kwanza mwaka mzima, kwamba bibi wa mtu anaweza kuwa chanzo. "Ni kweli, Hui? Ndivyo inavyosimuliwa kwenu?"

"Ndivyo," akasema Hui.

"Na mlangoni pia? Alisikia mtoto?"

Nje kulikuwa na mtu anawasha gari na gari halitaki. Hui angeweza kusema kwamba kwao husimuliwa kwa namna nyingi, mwalimu angemwamini, nami ningeanguka hapo hapo na chuo changu. Au angenyamaza tu, kama yule malkia wake. Alinitazama mimi, kisha akautazama ubao.

"Alisikia," akasema.

Mwalimu akaandika. Akaniuliza maoni yangu, je, alikuwa shujaa? Nilikuwa nimekariri jibu zuri lenye kwa upande mmoja na kwa upande mwingine, likanitoroka lote. Nikasema mafuriko yalikauka na watu wakalima, kwa hilo namshukuru kama ningemshukuru fundi bomba. Lakini tumeambiwa kila kitu juu ya mito na hakuna aliyeandika chakula kilichopoa mle ndani, na mimi katika mwaka mzima wa somo hili nimekutana na wanaume waliotafuta kutokufa na waliozikwa na majeshi, na nimechoka nao. Kisha nikakaa. Bwana Nani Kasema hakuuliza nani kasema. Akaandika alama, akanigeuzia daftari lake nione, nazo zilitosha, zimetosha kwa unywele.

Tukatoka pamoja. Hui alitembea mbele kidogo, chupa ya uji kwapani, mpaka kituo cha basi.

"Umefaulu," akasema.

"Nimefaulu."

"Vizuri. Utakuwa muuguzi mzuri, una kelele." Akakaa kwenye benchi. "Leo mtoto akiniuliza, nitamwambia nini?"

"Mwambie alibisha."

"Wewe umesema hakubisha. Mimi nimesema alisikia. Mbele ya watu."

"Mimi nilikuwa natafuta chuo, dada. Yeye hatafuti chuo. Ana miaka sita."

Akaishusha chupa ya uji mapajani. Nilitaka aseme kitu, anigombeze hata, nipate pa kuishika hasira yangu, maana hasira niliyokuwa nayo haikuwa na wa kumpiga: mmoja amekufa miaka elfu nne iliyopita, mwingine alikwisha kuvuka bahari akila karanga za ndege. Basi langu likatokea kwenye taa za Finch, nikasimama, nikanyoosha mkono. Lilikuwa limejaa. Dereva akanitazama, akainua kiganja kuomba radhi, akapita.

Hui akalitazama linavyokwenda na watu wake wote dirishani.

"Huyo naye," akasema.